Hizo Peleka Masaki

Nilikwenda Tandika kwa kijana mmoja anayejaza muvi kwenye flashi. Ana kompyuta moja, feni moja, na ukuta mzima umebandikwa picha za watu walioshika bunduki. Nilimwomba aweke filamu yangu moja kwenye mashine yake, tuone kama itapata wa kuiulizia. Filamu yenyewe ni ya Kifaransa, ya mwaka 1947. Haina rangi, haina bastola, na habari yake ni mume na mke wanaopendana na hawana hela. Kijana aliitazama kama dakika tatu, akatabasamu kwa adabu, kisha akanirudishia flashi kwa mikono miwili, kama anayerudisha kuku wa jirani aliyefia uani kwake.

"Shikamoo yako naiheshimu, mzee wangu," akaniambia, "lakini hii hapa haitoki. Hizi peleka Masaki."

Simlaumu. Maneno yale hakuyazua yeye. Nimeyasikia kwa wasambazaji wa filamu, kwa waandishi wa kurasa za burudani, kwa walimu wa vyuo, hata kwa waigizaji wetu wenyewe wakihojiwa kwa nini kazi zao zinafanana. Ni kauli ya mji mzima, na kauli ya mji mzima haidaiwi ushahidi.

Niiweke kwanza kwa haki, ili asije mtu akasema nimempiga aliyelala. Wanasema hivi. Mtu wa uswahilini, wa Temeke, Mbagala, Tandale, Mwananyamala, amechoka. Ametoka kibaruani, amesimama ndani ya daladala tangu mjini, na umeme nyumbani hajui kama ataukuta. Mtu huyo anahitaji kitu kinachomshika kooni dakika ya kwanza: ngumi, kufukuzana, uchawi. Kumkalisha mbele ya picha ya kizamani ya watu wa Paris wanaogombania gauni, kwa lugha asiyoijua, ni kumdhihaki. Tena picha hizo hazina mafunzo, na watoto wako hapo hapo wanatazama. Zina wenyewe: waliosoma ng'ambo, wanaokunywa kahawa isiyo na tangawizi. Kila soko na bidhaa yake. Hii si dharau, ni biashara.

Nakubali, kauli hii ina heshima yake. Inamjali mtu aliyechoka, na haitaki kumlazimisha mtu starehe. Tatizo ni kwamba kila nguzo yake, ukiiegemea, unaangukia upande wa pili. Hata jiografia yake imepinda. Masaki anakonituma kijana yule, mtaa wa wenye nazo, iko Wilaya ya Kinondoni, kama Tandale na Mwananyamala. Ni manispaa moja, meya mmoja, na mifereji inayoishia bahari moja. Ukisema "Kinondoni hawapendi", umewasema na wenye mabwawa ya kuogelea.

Kwanza: "Hawaelewi lugha"

Kweli, hawaelewi Kifaransa. Wala Kihindi hawakukielewa.

Awara ya Raj Kapoor ilitengenezwa mwaka 1951. Haina rangi, ni ndefu, na ni ya Kihindi mwanzo hadi mwisho. Ndiyo filamu ambayo wazee wa pwani hii, kuanzia Mombasa hadi Lindi, wakiitaja hushusha sauti kama wanaotaja mchumba wa zamani. Dar es Salaam ilikuwa na kumbi zake, Empire, Avalon, Empress, Odeon, na Amana kule Ilala, na watu walivaa wakapendeza kwenda kutazama mapenzi ya watu wa Bombay. Hapakuwa na Kiswahili kilichoandikwa chini ya picha. Aliyeelewa kidogo alimnong'oneza jirani, jirani akaongeza chumvi, na habari ikafika nyuma ya ukumbi ikiwa imenoga kuliko ilivyotoka kwa mtunzi. Watu walikariri nyimbo ambazo neno moja hawakulijua. Taarabu ikazichukua tuni zile na kuzivika Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwa njia hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba wasikilizaji wake wa Likoni hawajasoma Delhi.

Baadaye zikaja video na vibanda, na pamoja navyo akaja Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, mtu aliyeifanya kazi ya kutafsiri muvi kuwa fani. Alichukua picha ya lugha yoyote akaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti za waigizaji, na waliokuja nyuma yake wakaendeleza. Kazi hiyo imefananishwa na kugeuza wali kuwa pilau. Stelingi anapita kwenye kichochoro cha Hong Kong, mfasiri anakwambia hapa ni kama unatokea Manzese, na banda zima linaitikia. Bruce Lee hakuwahi kusema neno la Kimakonde, lakini Mtwara nzima inajua alichomwambia adui yake.

Leo Azam TV wanaingiza Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, na mambo ya ndani ya kasri la Sultan wa Istanbul yakawa mazungumzo ya kisimani. Za Kikorea zinatafsiriwa kila siku na vijana wenye maikrofoni ya bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Kwa hiyo Kihindi si kikwazo, Kichina si kikwazo, Kituruki si kikwazo, Kikorea si kikwazo. Kifaransa peke yake ndicho ukuta wa chuma! Na hapo tuko katika mji uliochezeshwa dansi kwa miaka na wanamuziki kutoka Kongo, mji uliokuwa na bendi inayoitwa Maquis, mji ambao hadi leo konda anakushusha "Sinza kwa Remmy", kwa jina la Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu. Kifaransa kimepanga vyumba Kinondoni siku nyingi na kimelipa kodi ya miezi sita mbele.

Lugha, basi, ni kisingizio. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini aitafsiri, na hakuna anayekaa chini kwa sababu ameshaambiwa haitoki. Haitafsiriwi kwa kuwa haitoki, na haitoki kwa kuwa haijatafsiriwa.

Pili: "Uswahilini wanataka ngumi"

Hapa ndipo ninapopataka hasa.

Mtu yule yule anayekwambia Temeke wanataka ngumi, mkaribishe chai umsikilize dakika tano zaidi. Atalalamika kwamba siku hizi ukirudi nyumbani jioni huambiwi hata karibu, mama watoto na dada wa kazi na shangazi wamekodolea tamthilia, mboga inaungua, na ukiomba kubadili chaneli uangalie mpira utajua kwamba nyumba hiyo ni ya nani. Tamthilia ya nini? Ya mapenzi. Ya wapi? Ya mbali. Ina ngumi? Haina. Basi Temeke inapenda nini, ndugu yangu? Kimya.

Siri iko katika neno "mtu". "Mtu wa Temeke" wa kwenye kauli hii ni mwanamume. Tena ni mwanamume mmoja maalumu: yule aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza, banda la video la mtaani. Wanaosema wanalijua soko wamehesabu vichwa vya pale, wakavizidisha kwa idadi ya mitaa, wakaliita jibu lao ladha ya wananchi. Ingia kibanda umiza saa mbili usiku uhesabu wanawake. Benchi halina mgongo, joto ni la tanuri, moshi wa sigara, matusi ya ushabiki, mlango mmoja. Dada wa watu akiingia pale, kesho mtaa utakuwa umeshamtungia habari. Hayupo, kwa hiyo hahesabiwi, kwa hiyo hana ladha. Akiwa nyumbani anatazama kitu anachokipenda, hilo haliitwi ladha tena, linaitwa kulevywa na tamthilia.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1966 ulifunguliwa uwanja wa sinema ya magari pale Msasani, na familia zikaenda na watoto, vyakula na mikeka. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, ambapo buibui lilishushwa na machozi yakatoka bila mtu wa kuyacheka. Sinema ilikuwa mahali pa mke na mume, pa mchumba na mchumba anayesindikizwa na mdogo wake. Kisha video zikaingia, televisheni za binafsi zikafika bara mwaka 1994, na kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine: hii ghala, ile duka, ile nyingine nyumba ya ibada. Pale Msasani leo ni ubalozi wa Marekani. Mahali ambapo mama wa Kinondoni aliingia kwa tiketi, sasa anaingia kwa miadi ya viza.

Kilichobaki kwa mtu asiye na nauli ya kwenda kwenye jumba la sinema la kisasa ni banda, na banda limewatoa nje nusu ya wanunuzi kabla biashara haijaanza. Halafu mtu anasimama mbele ya hiyo nusu iliyobaki na kutangaza kwamba soko limesema. Lingesemaje vingine?

Tatu: "Hayo ni mambo ya Kizungu"

Nisimulie basi filamu iliyorudishwa kwa mikono miwili. Inaitwa Antoine et Antoinette, ya mwongozaji Jacques Becker, na mwaka 1947 ilipata tuzo kule Cannes katika kundi la filamu za mapenzi. Leo hata Wafaransa wengi ukiwatajia watakuuliza ni duka gani.

Antoine anafanya kazi kiwandani, kwenye machapisho. Antoinette ni muuzaji kwenye duka kubwa, kitengo cha picha. Wanaishi chumba kidogo ghorofani, kuta nyembamba, majirani wanaingia bila hodi. Antoine ana ndoto moja tu: pikipiki yenye kiti cha pembeni, ampakie mkewe Jumapili. Mwenye duka la vyakula mtaani anamtaka Antoinette, na njia yake ya kumtaka ni kumpa vitu vya dukani. Wananunua tiketi ya bahati nasibu, tiketi inashinda, tiketi inapotea.

Sasa niambieni ni mstari gani hapo wa Kizungu. Chumba kimoja na majirani wasiobisha hodi? Pikipiki? Vijana wangapi wa Mbagala wamesaini mkataba wa bodaboda kwa hesabu ya kila siku, au wameingia mikopo ya kausha damu, kwa ajili ya ndoto ile ile ya Antoine? Mkeka wa kubeti uliobakiza timu moja? Na yule mwenye duka! Kila mtaa wa Temeke una mangi au hata asiye mangi anayemwandikia mke wa mtu deni kwenye daftari, unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni, na mwisho wa mwezi daftari linapotea kwa namna ya ajabu. Mtaa mzima unajua kwa nini limepotea, isipokuwa mume.

Becker huyo huyo mwaka 1951 akatengeneza Édouard et Caroline. Mume ni mpiga piano asiye na kitu, mke katoka ukoo wenye nazo. Jioni ile wamealikwa kwa mjomba tajiri ili mume apige piano mbele ya wakubwa apate kujulikana. Kizibao cha suti ya mume hakionekani. Mke amelifupisha gauni lake kwa mkasi ili liende na wakati. Ugomvi unaanzia hapo, kwenye nguo, na kabla usiku haujaisha wameshafika kwenye talaka.

Aliyewahi kualikwa harusi Mlimani City akiwa na kadi ya mchango mmoja na suti ya kuazima hahitaji maelezo. Anaijua suti ya kuazima ilivyo: mabega ni ya mwenyewe. Anajua ugomvi wa sare ya harusi unaoanza na kipimo cha fundi na kumalizikia kwa "kwenu" na "kwetu". Anajua mjomba mwenye uwezo anavyosema karibuni sana jisikieni nyumbani, na anavyokuangalia viatu anaposema. Habari ya filamu hii imekaa Mwananyamala miaka yote ikisubiri mtu wa kuisimulia kwa kuchekesha. Tumeisimulia kwa kulia tu.

Wakati huo huo, jasusi anayeruka kutoka helikopta hadi treni ya mwendokasi kule Shanghai, huyo ndiye "anayegusa maisha ya mtu wa kawaida". Sawa.

Nne: "Haina mafunzo"

Hoja hii hutolewa kwa sauti ya mzazi, na kwa hiyo watu huiogopa. Mimi naiona ndiyo yenye historia chafu kuliko zote.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri, karibu na Korogwe, Waingereza waliendesha jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu. Walitengeneza 35. Zilihusu nini? Kodi. Minyoo. Kuweka akiba posta. Wakubwa wa kazi hiyo, na wale wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, walikuwa na nadharia yao: Mwafrika asionyeshwe picha ya haraka, atachanganyikiwa, apewe habari fupi, nyepesi, yenye fundisho mwishoni. Na Bodi ya ukaguzi ya Tanganyika ilikuwa na kundi lake la filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa, Mhindi aliruhusiwa, Mwafrika hapana. Ziliogopwa hasa za uhalifu na zile ambamo mwanamke wa Kizungu anapendwa waziwazi. Afisa hakusema anawadharau Waafrika. Alisema anawajua. Alisema bado haziwafai.

Sasa chukua karatasi ya afisa yule, futa neno "Waafrika", andika "watu wa uswahilini". Futa "bado haziwafai", andika "haziwatoki". Bakiza mengine yote yalivyo. Umepata kauli ya msambazaji wa Kariakoo wa leo, na hajui kwamba anasoma waraka wa gavana.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hata wakoloni wenyewe walishtukia kwamba fundisho kavu halimezeki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja kampuni ya filamu kutoka Afrika Kusini, na Tanganyika ikapata picha za Kiswahili zenye vituko: Chalo Amerudi, Muhogo Mchungu. Katika Muhogo Mchungu, mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam, na Dar es Salaam inamfanya inavyowafanya wote. Stelingi alikuwa karani kijana, Rashidi Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kiongozi aliyekuja kuogopwa na wazembe wa nchi nzima alianza kwa kutuchekesha mbele ya kamera. Je, mwanafunzi wa Chang'ombe anaweza leo kuiona picha hiyo? Ataambiwa jina la Kawawa liko kwenye barabara.

Baada ya uhuru tukaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatuletea Fimbo ya Mnyonge ili tuhamie vijijini. Bendera ilibadilika, fundisho mwishoni likabaki. Sisemi filamu zisifundishe. Nasema kwamba tumerithi imani kuwa maskini hana haki ya kucheka bure, kwamba kila kicheko chake lazima kilipiwe kwa nasaha. Wenye nazo hawadaiwi hivyo. Hakuna aliyewahi kusimama getini Masaki akauliza filamu ya jana usiku ilikuwa na mafunzo gani.

Nanyi mnaozipenda

Msidhani nimewasahau. Wako mjini watu wachache wanaozijua filamu hizi, wanaokutana Upanga na kwenye sebule zenye rafu za vitabu, na nimewahi kukaa nao. Utamu wao mkubwa ni kwamba hakuna mwingine anayezijua. Ukitaja jina la Becker macho yanang'aa. Ukisema tuipeleke Temeke, macho yanatafuta mlango. "Hawataielewa," wanasema, kwa huruma kubwa. Yaani na kijana wa Tandika na bwana wa Upanga wana kauli moja. Mmoja anaitoa kwa hasara, mwingine kwa faida.

Wanampenda kwenye kioo mfanyakazi wa machapisho anayepanda treni ya watu wengi, na huyo wa kwetu, anayefunga magazeti usiku na kuteremka Tazara alfajiri, wasingependa akae kiti cha jirani. Filamu ile ilitengenezwa ionwe na watu waliojazana, wanaokula na kupiga kelele. Kuifanya kito cha watu wanane ni kuigeuza kitu ambacho haikuwahi kuwa.

Na wakiisifu, kuna mahali hupita kwa haraka. Katika Édouard et Caroline mume anamzaba mke kofi, na filamu inalichukulia kama chafya. Mwanamke wa Temeke angelisimamisha banda hapo hapo, na angekuwa na haki. Ndiyo maana nataka awepo. Kuna lingine. Mwaka ule ule wa 1947 ambao Antoine na Antoinette walikuwa wakitafuta tiketi yao, Madagascar ilikuwa imeinuka na jeshi la Ufaransa likiizima kwa damu. Tangu mwaka 1934 sheria ya Ufaransa ilimtaka anayetaka kupiga picha za filamu katika makoloni yake ya Afrika aombe kibali kwanza, na Waafrika kama Paulin Vieyra na wenzake mwaka 1955 ikabidi filamu yao waitengenezee Paris. Kwa hiyo sijaja hapa kuuza Ufaransa. Paris ile ya kupendeza iliwafungia wengine mlango. Ndiyo sababu sioni kwa nini sisi tuufunge tena, kwa funguo zetu.

Gharama yake

Mtu anaweza kusema: hata kama kauli ni ya uongo, inamdhuru nani? Usipoangalia Becker utakufa?

Hutakufa. Lakini angalia kilichotokea kwenye Bongo Movie tangu Girlfriend ya mwaka 2003 ifungue njia. Mapenzi kwetu yamekuwa sumu, wodi, mganga, urithi, na mama mkwe anayecheka peke yake usiku. Kicheko kimekuwa mtu kuanguka, mwanamume kuvaa dera, na kumcheka mwenye umbo lake. Vyote viwili vina rafu. Watu wawili wanaopendana na kuchekeshana ndani ya habari moja hawana rafu. Mwandishi akipeleka andiko la namna hiyo anaambiwa liko katikati, aongeze kilio au aongeze kituko. Na hapo ni nchi iliyowasubiri Pwagu na Pwaguzi redioni, nchi iliyokuwa ikicheka King Majuto akifungua mlango tu, kabla hajasema neno, hadi alipofariki mwaka 2018. Njaa ya kicheko ilikuwepo. Kilichopangwa mezani ndicho kilichokuwa kimoja.

Na hesabu, kwa kuwa ni biashara, tuifanye. Filamu ya ngumi inataka magari ya kugonga, silaha, watu wa kuanguka, kompyuta za kutia moto wa uongo. Hatuna. Tunaishia na bastola ya plastiki inayotoa mlio wa filamu nyingine. Édouard et Caroline imekaa karibu yote ndani ya nyumba mbili, jioni moja: chumba cha maskini na sebule ya tajiri. Chumba cha maskini tunacho, kiko Buza. Sebule ya tajiri tumezoea kuiazima Mbezi Beach kwa siku mbili. Gauni, mkasi, kizibao, piano tunaweza kubadili ikawa kinanda cha kanisani. Yaani wanaotuambia tuwe wakweli kuhusu soko wametuelekeza tushindane na Hollywood kwa kitu cha ghali kuliko vyote, na kutukataza cha bei nafuu kuliko vyote kwa sababu eti si cha watu wa hali ya chini.

Flashi bado ninayo. Ninatafuta mfasiri, awe kijana au binti, anayejua kuongeza chumvi bila kuharibu mchuzi, na mwenye kibanda yeyote kati ya Tandika na Mbagala Rangi Tatu atakayenipa Jumapili moja alasiri, kabla ya mpira. Afungue madirisha, azuie sigara, aweke mikeka mbele. Kiingilio cha ishirini wa kwanza nitalipa mimi, kwa sharti moja: kumi na tano kati yao wawe wanawake.

Na kijana wangu wa Tandika, kiti chako nimekuwekea. Njoo uniambie imetoka au haikutoka.